Seva Iliyofukizwa Ubani

Kiende ana tabia moja inayoudhi watu wengi wa Isiolo: hamwamini mtu anayesema, "Sijagusa kitu." Kazi ya kutengeneza kompyuta imemfundisha kwamba kila mashine inayokufa imeguswa, na aliyeigusa ndiye wa kwanza kuapa. Kwa hiyo Sadiya alipompigia simu asubuhi kwamba seva ya studio imekataa kuwaka, na kwamba wallahi hakuna aliyeigusa, Kiende alimaliza chai yake kwanza ndipo akachukua begi la vifaa.

Sadiya ana studio ya harusi karibu na soko. Bibi harusi hupambwa hapo na kupigwa picha, na video ya harusi yake huwekwa kwenye seva hiyo, kompyuta kubwa inayokaa nyuma ya pazia. Ilikuwa na diski ya akiba, lakini ilijaa kabla ya Ramadhani, na tangu hapo diski nyingine ni ya kununuliwa kesho. Kiende ameisikia hiyo kesho mpaka amechoka kuidai.

Kwenye benchi la maharusi alimkuta mzee ameketi, fimbo magotini, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa Galgalo, mfugaji wa Kinna. Siku binti yake Abiba alipoolewa, ukame ulikuwa umempeleka malisho ya mbali pamoja na ng'ombe wake, na hakurudi kwa wakati. Abiba alishachukuliwa na mumewe kwenda Moyale. Sasa mvua imenyesha, ng'ombe wameshiba, na mzee amekuja kuiona harusi ya mwanawe. Hakuja kuuliza kama inawezekana.

Sadiya alikuwa amemwambia kwamba mashine inapumzika kidogo. Kiende alimkata jicho, akamsalimu mzee, akaingia nyuma ya pazia.

Alibonyeza kitufe. Taa iliwaka, feni ikanguruma, skrini ikabaki nyeusi. Alibadilisha waya, akaazima skrini ya duka la jirani, akabonyeza tena. Giza lile lile. Kama diski imekufa, harusi ya Abiba imekufa nayo, na yeye ndiye angetoka kumwambia yule mzee. Aliogopa hilo kuliko kitu chochote. Mashine akishindwa nayo huifunika na kwenda zake, lakini baba wa mtu utamfunika na nini?

Alifungua kifuniko, na harufu tamu ikampiga usoni.

Ubani. Ndani kulikuwa na masizi yanayonata, yameganda kila mahali kama ndani ya jiko la makaa. Kiende aliangalia pembeni, akakiona chetezo sakafuni, hatua moja kutoka kwenye feni. Bibi harusi wa huku haendi kwa mumewe bila kufukizwa nguo na nywele, na kwa kuwa nafasi ni finyu, Sadiya aliwafukizia nyuma ya pazia. Kila bibi harusi aliyepata moshi wake, seva nayo ilivuta wake.

Alimwita Sadiya, akamwonyesha. Sadiya alitazama masizi, akatazama chetezo, akajitetea kwamba moshi si mkono, kwa hiyo bado hakuna aliyegusa. Kiende alitaka kukasirika, akajikuta anacheka.

Alichomoa vipande vya memori. Meno ya vipande hivyo, yenye rangi ya dhahabu, yalikuwa meusi tititi. Aliyasugua polepole kwa raba ya penseli, akayapangusa kwa spiriti, akafagia masizi kwa brashi, akarudisha kila kitu mahali pake. Kisha akamwomba Mungu kwa Kimeru, lugha ambayo hukumbuka kuombea akiwa taabani, na kubonyeza.

Mashine ililia mlio mmoja mfupi. Maandishi meupe yakaanza kupanda kwenye skrini. Kiende aliketi pale pale sakafuni, akicheka peke yake. Diski ilikuwa nzima. Harusi zote zilikuwamo. Kabla ya kumwita mtu alitoa diski yake mwenyewe kwenye begi na kuanza kunakili, kwa sababu kesho ya Sadiya anaijua.

Ndipo mzee akaletwa. Abiba alitokea kwenye skrini, mikono imejaa hina, wanawake wakiimba nyuma yake. Mtu alimwambia aseme neno kwa baba yake. Aliisogelea kamera, akasema kwa Kiborana, na Sadiya akamnong'onezea Kiende maana yake: "Aba, usiwaache ng'ombe kwa sababu yangu. Nimewaambia wote kwamba uko njiani."

Galgalo alisimama.

"Sasa nimefika," alisema.

Akaanza kumbariki binti yake, neno baada ya neno, na Kiende akajua kinachofuata. Hata babu yake mwenyewe, kule milimani kwa Wameru, hakumaliza baraka bila kutema mate. Mashine ilikuwa wazi chini ya skrini, haijafungwa kifuniko, na hapakuwa na jinsi ya kumkata mzee kauli. Kiende aliiinamia, akaifunika kwa kifua chake.

Mate mepesi ya mzee yalitua kwenye paji la uso la Abiba, na mengine kwenye nywele za Kiende. Hakuyafuta.