Mkanda Uliokatika Mbele ya Wakwe

Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Asubuhi mawingu yalikuwa mazito na watu wakasema leo itanyesha, lakini kufikia saa nne jua lilikuwa limetoka, na upepo ukaanza kurusha vumbi kwenye viondo vyetu, vikapu vya mkonge vya kubebea mgongoni. Mvua haikuja.

Nimekaa kando ya moto baada ya chakula cha usiku, na ninaandika kwa sababu ya mama mmoja aliyekuja leo kwenye meza yetu katika maonyesho ya kazi za mikono, Kitui mjini. Alikuja na kiondo alichonunua kwetu, mkanda umekatika. Hakutaka arudishiwe pesa. Hakutaka kiondo kingine. Alitaka mkwe wake asikie, kutoka kwa sisi tuliomuuzia, kwamba ile aibu aliyoipata haikuwa makosa yake. Mimi ndiye niliyejibu, na mpaka saa hii sijui kama nilijibu sawa.

Kikundi chetu cha akina mama wa Kanyangi hututuma wawili kwenda kuuza. Mwenzangu anatumwa kwa sababu anajua hesabu na haogopi mtu. Mimi wanasema Kiswahili changu kinaeleweka, ingawa niliishia darasa la saba na kuna maneno ninayapita mbali nisiyakosee. Wateja wagumu tumewazoea. Kuna yule anayeomba kiberiti achome ncha ya uzi, aone kama ni mkonge au ni nailoni. Mwenzangu huwa anakasirika, lakini mimi simlaumu, kwa maana wako wanaouza nailoni na kuapa kwamba ni mkonge. Kuna anayeuliza bei ya kila kitu halafu anaondoka akisema anaenda kumwita mumewe. Labda ni kweli anaenda kumwita.

Huyu wa leo hakuuliza bei. Aliweka kiondo katikati ya meza, juu ya vingine, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza vinyago, "Hiki ni chenu. Kiangalieni."

Nilikitambua. Kilikuwa na mistari ya rangi ya udongo, na mwanzo wa kitako ulisukwa na mama mmoja wa kikundi chetu ambaye hufunga fundo lake likiangalia kushoto. Tulikiuza mwezi wa nane tulipopanga meza katika mji mdogo wa Salama, kando ya barabara ya Mombasa. Mkanda wa ngozi ulikuwa umechomoka upande mmoja na unaning'inia.

Nyuma yake alikuwa amesimama mama mwingine wa rika lake, kitambaa cha kanisa kichwani, mikono ameikunja. Nilidhani ni rafiki.

Nitaandika upande wa yule mama kwanza, kwa sababu mwenzangu hakumpa nafasi ya kuumaliza. Anatoka upande wa Makueni, na binti yake ameolewa huku Kitui. Mwezi uliopita alikuja na wanawake wa kijijini kwao kuona boma la binti yao, kila mmoja na kiondo chake mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, kama inavyofanywa. Yeye, mama mzazi, alikuwa mbele. Walifika langoni wakiimba, wenyeji wametoka kuwapokea, na hapo hapo mkanda ukakatika. Sukari, unga, mchele, vyote chini. Wimbo ulikatika pia. Halafu kwenye kundi la wenyeji mtu akasema mama huyu amekuja kwa wakwe na kiondo cha bei ya kutupa.

Na yule aliyesimama nyuma yake kimya, mikono ameikunja, ndiye mkwe mwenyewe, mama wa mume wa binti yake. Alikuwa amemleta makusudi.

Mwenzangu aliangalia kiondo mara moja tu. Akasema ngozi haikatiki yenyewe, kwamba huo mzigo ulikuwa wa punda, si wa mtu.

"Nyinyi watu wa Makueni wa maembe," akamwambia, "mlibeba maembe ama mlibeba mawe?"

"Na nyinyi watu wa Kitui," yule mama akajibu, "mnashona kwa uzi ama kwa mate?"

Watu wakaanza kusimama. Kulikuwa na kijana na mkewe ambao walikuwa wameshachagua kikapu cha nguo. Nikaona mke anakiweka chini polepole. Mwenzangu akaona pia. Akashusha sauti, akamwambia mama achague kiondo kingine chochote pale mezani na yaishe. Akakataa. Akamhesabia pesa yake mezani. Mama akakataa, tena akaisukuma kama kitu kichafu. Mwenzangu akaniangalia kama anayesema, huyu sasa nimfanye nini.

Nikasema ngoja nikiangalie kwa ndani. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu kupata muda. Nilipokiinua kilikuwa kizito. Nikatia mkono, nikatoa mfuko wa karatasi uliofungwa kwa kamba ya mkonge. Ndani yake ndengu, yaani choroko, zimejaa mpaka juu, zimepetwa zikawa safi.

Kwetu, ukirudisha kiondo kwa mwenyewe hukipeleki kitupu, hata mkiwa mmekosana. Wengi siku hizi wamesahau. Huyu alikuwa ametoka kwake asubuhi na hasira yake yote, ametuandalia maneno njia nzima, lakini kabla ya kutoka aliingia ghalani akatupimia ndengu. Nilimwangalia. Akaangalia pembeni, akasema ni za mavuno yaliyopita, kama mtu anayejitetea.

Nilikigeuza kiondo nikaangalia vizuri. Ngozi ilikuwa nyembamba pale iliposhonwa, sehemu ya tumbo la mnyama ambayo fundi wetu hatakiwi kuitumia kwa mkanda. Huwa navivuta vyote kwa nguvu kabla ya kuviuza. Hicho sikumbuki kama nilikivuta. Lakini kitako nacho kilikuwa kimevutika mpaka mistari imepinda, na kwenye misuko bado kulikuwa na chembe za sukari. Kwa hiyo mwenzangu naye hakusema uongo. Mzigo ulikuwa mkubwa kweli.

Sasa ningesema nini? Kama ningesema ni ngozi tu, ningemfurahisha, lakini ningekuwa nimedanganya mbele ya mtu mzima, na kuharibu jina la fundi na la kikundi. Kama ningesema ni mzigo, ningekuwa nimerudia ile aibu ya langoni, mara ya pili, mbele ya mtu yule yule.

Niliwaambia wakae. Tuna benchi moja, nikalipangusa vumbi. Walikaa wote wawili, mmoja huku na mwingine kule.

"Mwaitu," nikamwambia, kwa maana ni wa rika la mama yangu, "ngozi yetu ilikuwa nyembamba. Hilo ni letu. Na mzigo ulikuwa mzito, naona hapa. Lakini hata mimi ningekijaza hivyo. Nani anaenda kuona boma la mtoto wake na kiondo nusu?"

Mwenzangu aliguna. Aliyejibu ni mkwe wa yule mama, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake.

"Hakikuwa nusu," akasema. "Ile sukari tuliiokota na vijiko. Chai ya kwangu imekuwa na mchanga karibu mwezi mzima."

Hakucheka alipokuwa akisema. Sisi ndio tulicheka, mimi kwanza, kisha mwenzangu, ingawa alikuwa hataki.

Yule mama aligeuka akamwangalia. "Mbona hukuniambia mliiokota?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulienda nyumbani bila kumaliza chakula. Na yule aliyeongea pale langoni ni wifi yangu, yeye huongea hivyo hata kanisani. Mimi niliona unga, mchele, sukari, nikasema huyu mama amebeba."

Basi wakaanza kuongea kwa Kikamba, sauti ya chini, na sikuona kama ni haki kusikiliza. Nilichukua mkanda mnene kutoka kwenye akiba, msumari wa kutobolea na uzi, nikashona. Nilishona kwa kupitisha mbali na ukingo, mara mbili kila upande, halafu nikampa mwenzangu avute. Alivuta kama anataka kuung'oa. Haukutoka.

Wakati wa kumrudishia ndipo nikakumbuka kwamba mimi pia siwezi kumpa kiondo kitupu. Juu ya meza kulikuwa na mali ya kikundi, siyo yangu. Nilikuwa na ndizi mbili tu za chakula cha mchana. Nikaziweka ndani.

Aliinama akachungulia. "Hizi zimeiva sana," akasema. Kisha akakivaa kiondo mgongoni, akaweka mkanda pale anapoweka siku zote, wakaondoka pamoja kuelekea sokoni. Sikusikia asante. Sijui kama alitakiwa kuisema.

Ni haki niandike na haya. Yule kijana na mkewe hawakurudi. Njiani kurudi mwenzangu aliniambia nimewauza wenzetu wa kikundi, kwamba nimetangaza mbele ya umati mzima kuwa tunatumia ngozi mbaya, na kwamba Jumatatu mimi mwenyewe nitamweleza fundi. Ana haki. Labda ningeweza kusema lile la ngozi kwa sauti ya chini. Lakini lile la langoni halikusemwa kwa sauti ya chini, na nilifikiri, sijui kama vizuri, kwamba hili la ngozi nalo lilitakiwa lisikike.

Nilipomgawia ndengu alisema hataki. Tulipofika njia panda ya kwao akafungua mfuko wake, nikamimina nusu.

Nusu yangu ndiyo tuliyokula jioni hii. Nilizipika na kitunguu na nyanya, na mama mkwe wangu akasonga ugali. Mume wangu alisema ni tamu, akauliza nimezinunua wapi. Nilimwambia sikuzinunua, zilikuja ndani ya kiondo. Mama mkwe akaacha kula kidogo, akaniuliza kama nami niliweka kitu. Nikamwambia ndizi. Akasema sawa, akaniongezea ndengu kwenye sahani, na tukala mpaka zikaisha.