Mbuzi Ambaye Baba Hakumtoa

Leo asubuhi, sokoni Bwera, nimepita kando ya turubai lililoanikwa kahawa mbichi. Harufu yake, tamu na chachu kidogo, imenirudisha kwenye shamba letu la kahawa la kando ya mto, karibu na Kasese.

Mwaka mmoja, nikiwa bado mtoto, mvua ilinyesha mfululizo milimani, na mto ukaanza kumega shamba. Baba mdogo alikuja akivuta mbuzi mweupe.

"Kaka, toa huyu kwa mizimu ya mto. Wazee walifanya hivyo. Shamba itabaki."

"Mimi naomba Mungu mmoja," baba alisema. "Shamba ikienda, iende."

Mama, mtoto mgongoni, alitutazama sisi watoto, akauliza taratibu, "Na hawa watakula nini?"

Baba alipiga magoti kwenye tope, akasali huku maji yakinguruma.

Kesho yake mto ulichukua mibuni yote, pamoja na jiko. Tulihamia Rukoki, baba akawa kibarua katika mashamba ya wengine. Jumapili ya kwanza alitupeleka kanisani kama kawaida, akaimba kwa nguvu zake zote. Mama alisimama kando yake, midomo imefungwa. Sikumsikia akiimba tena.