Waya Nilioweka Mimi

Baba alikuwa fundi wa ishara za reli maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu akaihamishia reli nyumbani. Katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Kiamunyi aliunganisha mbao mbili, akatandika reli nyembamba za treni ya kuchezea, akaanza upya kazi aliyoambiwa imeisha. Dada yangu anayeishi ng'ambo ndiye aliyemtumia injini. Ilitosha kwenye kiganja, na ndani yake mlikuwa na kisakiti kidogo kilichopokea amri kupitia reli zenyewe: nenda, punguza mwendo, piga honi.

Kisakiti hicho alikilinda kuliko alivyotulinda sisi utotoni. Nasema hivyo bila kinyongo, au karibu bila. Stima ikipotea, alichomoa plagi papo hapo, maana stima ya kwetu hurudi kwa kishindo. Ikirudi, hakuichomeka tena mpaka asikie friji imenguruma na kutulia. Na kabla ya kuendesha treni alichukua kijiko cha chai, akakilaza juu ya reli zote mbili, hapa, pale, na kule kwenye kona. Hiyo ilikuwa shoti ya makusudi. Kila mara, swichi ndogo ndani ya kisanduku kilicholeta umeme kwenye reli ilipaswa kujikata, tap! Isipojikata, hakuna treni siku hiyo.

"Ikikataa kukata hapa," aliniambia, "itachoma kule ndani."

Jumapili moja tulipata wageni. Baba mdogo alishuka kutoka Mau Narok na gunia la viazi, na dada yangu mkubwa akaja kutoka Njoro. Baba alivaa koti, akapitisha kijiko chake, akawaita waone. Lakini injini ilikuwa inaruka reli pale kwenye kona, magurudumu yanagusanisha reli mbili, swichi inakata. Tap. Anairudisha, mzunguko mmoja, tap tena.

"Hii treni yako inachoka kama sisi," baba mdogo akasema, na watu wakacheka.

Nilimwonea aibu. Walipokwenda kunawa mikono, nilifungua kisanduku nikaunganisha kipande cha waya, umeme upite kando ya swichi, isiweze kuukata tena. Ndiyo tabia yetu: fyuzi ikisumbua, tia waya, maisha yaendelee. Nilijiona mjanja sana.

Baada ya chakula treni ilizunguka mara mbili, Baba akitabasamu, kisha ikaruka pale pale. Safari hii hakukuwa na tap. Kulikuwa na harufu ya plastiki kuungua, na moshi mwembamba uliotoka chini ya injini.

Baba alichomoa plagi. Akafungua kisanduku, akauona waya. Halafu akaniangalia. Watu wawili tu katika nyumba ile tulijua kukifungua kisanduku kile, na mimi alinifundisha yeye. Nilingoja anifokee, na laiti angenifokea.

"Ni mimi," akawaambia wageni. "Niliweka waya juzi nikipima, nikasahau kutoa."

Fundi wa ishara, aliyebeba roho za abiria miaka yote ile, amesahau waya. Dada yangu wa Njoro akamvuta Mama kando, nikamsikia: "Mum, mzee ameanza kusahau. Atachoma nyumba."

Ningesema pale pale. Nikaenda kufungua dirisha moshi utoke.

Wiki hiyo chuma chake cha kulehemu kilifichwa. Kisha chumba cha nyuma kikafungwa, kisha akakatazwa kuwasha jiko la gesi. Akikosea jina la jirani, jambo ambalo alilifanya tangu zamani, watu walitazamana. Hakubisha hata mara moja. Alikaa barazani mikono imelala mapajani, na mimi nilimpelekea chai, nikamwuliza kama anasikia baridi. Aliishi hivyo miezi minane.

Siku ya pili baada ya mazishi, Mama alinikuta jikoni nikiosha vikombe vya waombolezaji. Alivuta kiti, akakaa.

"Wewe ndio ulikuwa unakaa na yeye sana," akasema. "Ulijua lini kama akili yake inapotea?"

Nilifunga mfereji.

"Siku ile ya treni," nikamjibu.

Akanishika bega, akaniambia nisijilaumu.