Mtani Aliyevaa Kitenge cha Mama

Mama alipofariki, ukoo mzima ulihamia kwetu Gongoni kumlinda baba asilie. Kamanda wa ulinzi huo alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Kila macho ya baba yalipolowa, alimuwahi: "Jikaze, mdogo wangu. Wewe ni mwanaume."

Baba akajikaza. Alijikaza mpaka akaacha kula, kuoga na kuzungumza. Alishinda sebuleni akiutazama mlango wa jikoni, na wageni wakaambiwa kwamba mzee ni imara kama reli aliyoitumikia. Mimi niliogopa. Niliona tunaandaa msiba wa pili huku tukimpigia makofi marehemu mtarajiwa.

Nikamleta mshauri nasaha, binti mpole. Akamwamkia, kisha akamuuliza kuhusu usingizi.

"Salama," akasema baba.

"Na chakula, baba?"

"Salama."

Baba ni Mnyamwezi wa adabu zake. Mgeni hapewi habari mbaya kabla ya chai, na chai ilikuwa bado jikoni. Binti akaondoka ameridhika kabisa.

Akabaki mtani wetu, mama mmoja wa Kizaramo, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Babu zetu walibeba mizigo mpaka kwao pwani, na tangu hapo Mzaramo ana ruhusa ya kututukana hata msibani, na kukasirika ni mwiko. Alikuja mchana, akapitiliza chumbani bila hodi, akatoka amevaa kitenge cha mama na ndala za mama, mkono kiunoni, sauti ileile ya mama.

"Wewe mwanaume! Nimeondoka juzi tu, kuku wameshahamia jikoni, na shati ni lilelile! Unanuka kama ghala la tumbaku!"

Shangazi akashika kichwa. Mimi nikatafuta pa kujificha. Baba alikitazama kitenge kile, akafungua kinywa.

"Umeniacha na nani?"

Akalia. Alilia kwa sauti, makamasi yakamtoka, wala hakujifuta. Shangazi akainuka haraka: "Jikaze, mdogo wa..."

"Kajikaze wewe!" akafoka mtani. "Huyu mwache alie. Na ole wake kesho nimkute hajaoga!"

Jioni ile baba alikula ugali na mlenda, akaomba aongezewe. Nilifurahi hadi nikaenda kulia kidogo uani, shangazi asinione.

Asubuhi nikampelekea maji ya moto bafuni. Akayakataa. Alivaa shati lake lilelile, akatoa kiti mpaka mlangoni, akakaa kumsubiri mtani.