Gari Lililotetemeka Asubuhi

Mume wangu ni dereva wa lori. Akishapakia kontena bandarini Kipevu na kushika njia ya Uganda, simwoni kwa majuma. Safari moja mwaka jana aliniachia ufunguo wa gari lake dogo nimpeleke mamake kliniki. Hakuwahi kuniachia kabla. Gari lile alikuwa amelichezea mwenyewe: aling'oa boksi la hewa lililokuja nalo, akafunga bomba pana linalong'aa, na ekzosi ya mlio wa kuamsha mtaa wetu mzima wa Mikindani.

Asubuhi ya kwanza tu likaanza vituko. Niliwasha, injini ikakohoa, ikapanda, ikashuka, mpaka kioo cha pembeni kikawa kinacheza. Baada ya kitambo likatulia kana kwamba si lenyewe. Kesho yake vilevile.

Nikalipeleka kwa fundi Changamwe. Kwa foleni ile, nilifika injini imeshapata moto, inanguruma vizuri. Fundi akasikiliza, kisha akanitazama mimi badala ya gari.

"Dada, mbona liko sawa?"

"Likiwa baridi ndipo linatetemeka."

"Baridi? Mombasa hii?" Akacheka. "Basi liache lilale hapa, asubuhi nianze nalo."

Hapo nikashtuka. Nimesikia habari za magari yaliyolala gereji yakaamka na betri nyingine. Nikakataa. Naye akakunja uso. Nadhani aliniona mtu wa visa. Mwishowe alikubali shingo upande kuja kwangu alfajiri, kabla sijaliwasha.

Sikufikiria watu watasemaje. Mama mkwe, ambaye naishi naye, ndiye aliyemfungulia fundi geti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una haja gani na nyumba hii saa hizi?"

"Nimeitiwa gari."

"Gari," akarudia mama. Akavuta kigoda, akaketi karibu na boneti, macho kwa fundi, macho kwangu. Jirani wa mkabala alifagia mahali pamoja mpaka nikaona atachimba kisima.

Nikaliwasha. Likatetemeka. Nilifurahi kama mtu aliyemfumania mwizi.

Fundi akaacha kucheka. Akakagua plagi, akafuata nyaya, hakuona kitu. Ndipo akatoa mkebe wa dawa ya kupulizia, akawa anapuliza kidogokidogo kando ya lile bomba pana. Alipofika kwenye mpira unaoliunganisha na injini, mlio ukabadilika papo hapo.

"Hapa panavuta hewa ya wizi," akasema. "Mpira ukiwa baridi ni mgumu, hewa inapenya. Ukipata moto unalainika, unaziba. Ndiyo maana kwangu lilikuja zima." Akamulika kwa simu, akainama zaidi. "Lakini dada, klipu hii inayoubana mpira haikujilegeza. Bisibisi imepita hapa juzijuzi."

Kwanza nilimshuku yeye. Lakini ugonjwa ulianza kabla hajaliona gari, na boneti haifunguki bila kuingia ndani ya gari, na ufunguo kabla yangu alikuwa nao mume wangu tu. Nikampigia simu, nikaweka spika, mama akiwa pale pale.

"Vipi," akasema, "gari linakusumbua?"

Sikuwa nimemwambia lolote.

"Nani kakwambia linanisumbua?"

Nilisikia lori likipumua breki. Kisha akasema polepole, "Kila Jumapili uko Magogoni. Nikaona ukipata gari itakuwa kila siku. Nilitaka likuchoshe, uliache nyumbani."

Magogoni anakaa dada yangu, aliyekuwa amejifungua. Alijua hivyo, ila hakuamini kuwa ndiye tu ninayemwendea. Mama akaninyang'anya simu.

"Kwa hiyo mimi mamako nipelekwe kliniki na gari uliloliharibu kwa mkono wako? Likizima mbele ya malori, je?"

Fundi alijifanya hakusikia chochote. Akakaza klipu, injini ikatulia tuli ingali baridi, akaaga haraka. Mama akabaki kigodani, hakunitazama usoni.

Mume wangu aliporudi aliomba radhi, na nadhani hakunidanganya. Jumapili iliyofuata akasema twende sote Magogoni. Alimpakata mtoto wa dada, akamsifu, akanywa chai. Nami nilimwona, dada alipoingia jikoni, akikagua viatu vilivyokuwa mlangoni, kimoja kimoja.