Saa Saba Ndani ya Behewa, na Nyundo ya Mzee Oswald

Mzee aliyenifungia ndani ya behewa la chuma ndiye huyohuyo aliyesimama mbele ya kichwa cha treni ili nitolewe.

Subirini. Nianze na ujinga wangu kwanza.

Naitwa Yassin, mtoto wa Magomeni, Kilosa. Kidato cha nne nimemaliza, matokeo tusiyaongelee. Kazi yangu ni kuchekesha watu mtandaoni.

Babu yangu aliletwa Kilosa na mkonge. Jirani yetu Mzee Oswald aliletwa na reli. Mkonge ukaisha, treni zikapungua, wao wakabaki. Ndiyo Kilosa hiyo. Mji wa watu walioshuka wakasahau kupanda tena.

Mzee Oswald alikuwa mgonga magurudumu. Treni ikisimama, anapita na nyundo, anagonga gurudumu moja moja. Likilia vizuri, zima. Likikoroma, lina ufa.

Amestaafu zamani, lakini hajaacha. Kila siku saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri anakwenda kwenye yale mabehewa mabovu, pale inapoanzia reli ya kwenda Mikumi iliyomezwa na majani. Anagonga. Akikuta mlango wazi, anaufunga na kutia pini. Anasema behewa halilazwi wazi.

Mabehewa yenyewe yana miti imeota ndani!

Mimi nikaona kontenti. Video zangu tatu nikimuigiza anavyotembea zilipendwa kinoma. Ya nne nikataka awemo mwenyewe.

Jumamosi hiyo nikaingia kwenye behewa la mwisho. Mlango nikauacha wazi kidogo, nikaweka simu kwenye tundu la kutu, nikaanza kurekodi.

Akaja. Ngo. Ngo. Ngo. Kofia ile ile, koti lile lile.

Akafika kwangu. Nikaziba mdomo, maana kicheko kilishafika kooni.

Kriiii. Kacha!

Giza.

Sikushtuka. Nikajisemea, akipotea tu nasukuma natoka, kipande kinazidi kuwa kitamu.

Akapotea. Nikasukuma.

Nikasukuma tena. Kwa bega, kwa mguu, kwa mgongo. Pini iko nje, wandugu. Chuma cha Mjerumani sijui cha Mwingereza, mimi nina kilo hamsini na mbili.

Simu asilimia tatu. Nikampigia Frank, rafiki yangu wa damu.

"Oya Frank, nimefungiwa kwenye behewa, njoo!"

"Enhee. Na tembo wako humo?"

Wiki moja nyuma nilimpigia nikilia kwamba tembo wamenizingira Mikumi. Jamaa akapanda bodaboda kutoka Kilosa mpaka Mikumi, vumbi mpaka kwenye kope. Akanikuta stendi nakula chipsi, namrekodi.

"Frank, safari hii kweli. Wallahi!"

"Rekodi vizuri, mwanangu. Nitalike."

Akakata. Simu ikazima.

Kufika saa sita lile behewa lilikuwa sufuria, na mimi ndiye nyama. Ukuta haushikiki. Nikavua shati, nikavua soksi, nikalala chini karibu na tundu, navuta hewa kwa zamu na mjusi mmoja. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Nikabaki na kiatu, nagonga nacho ukuta.

Saa nane nikasikia muungurumo. Nikafurahi. Wokovu!

Nikachungulia. Kichwa cha treni kinarudi nyuma taratibu. Wanaume wanafunga minyororo ya mabehewa.

"Kiongozi, haya yote?" mmoja akauliza.

"Yote," akajibu kijana mwenye kofia ngumu. Baadaye nilijua anaitwa Vitalis. "Leo yafike Morogoro. Jumatatu ndiyo tunaanza kuyakata."

Jumatatu!

Nikagonga kama mwehu. Injini ikanimeza. Kiatu kwa kichwa cha treni, nani atasikia?

Ndugu zangu, nililia. Sikulia kwa kamera. Nilimlilia mama yangu, ambaye asubuhi nilimwambia naenda dukani mara moja.

Halafu, katikati ya kelele, nikaisikia kwa mbali.

Ngo.

Saa tisa. Mzee Oswald yuko kazini. Nasikia walimcheka, "Babu, haya tunakwenda kuyachinja, unayapima nini?" Hakuwajibu. Akaja, gurudumu kwa gurudumu, mpaka langu.

Ngo, ngo, ngo.

Nikagonga sakafu. Tatu.

Kimya.

Masikio yake yameliwa na miaka thelathini ya chuma, nilijua hatasikia. Lakini niliona kupitia tundu, ameweka kiganja kwenye chuma. Akagonga tena tatu. Nikarudisha tatu.

Mzee akageuka, akachomoa kitambaa chekundu mfukoni, akatembea akasimama katikati ya reli, mbele ya kichwa.

Honi ikalia. Hakusogea.

"Mzee, tupishe!" Vitalis akafoka.

"Sitoki. Humu mna mtu."

"Panya hao, babu!"

"Panya hajui kuhesabu mpaka tatu."

Dereva, ambaye naye ni mtu wa reli, alipoona nyekundu akazima injini. Pini ikachomolewa. Nikadondoka nje kama gunia la viazi.

Watu wakajaa. Maji, feni za kanga, pole nyingi. Mama Siwema, muuza maandazi wa stesheni, akauliza kwa sauti, "Nani kamfungia mtoto wa watu?"

"Mimi," Mzee Oswald akasema. "Nilifunga asubuhi."

"Hukuuliza kama kuna mtu?"

Mzee akatazama ile nyundo kana kwamba yenyewe ndiyo itajibu.

"Huwa nauliza," akasema polepole. "Leo... sijui. Labda ilikuwa jana."

"Basi babu, umri umefika. Utaua watu. Lete hiyo nyundo."

Akampa Mama Siwema. Aliitoa kwa mikono miwili. Akaondoka bila kitu mkononi, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatembea kama mzee.

Mimi? Nilikuwa nakunywa maji. Sikusema neno.

Msiwe na haraka ya kunionea huruma, maana kuna kitu nimewaficha tangu mwanzo.

Jioni nilichaji simu, nikaifungua ile video. Picha giza, koti lake limeziba tundu, lakini sauti safi kabisa.

Nyundo inagonga mlango mara tatu. "Kuna mtu humu?"

Kimya kirefu.

"Kuna mtu? Nafunga."

Kimya.

"Mara ya mwisho. Kama upo, sema."

Halafu inasikika sauti ndogo, ya mtu anayebana kicheko puani.

Nilikuwa najua. Nilimsikia zote tatu.

Asubuhi nikaenda kwake, kwenye kota za reli. "Shikamoo babu."

"Marahaba. Umepona?"

Nikamwekea video sikioni, sauti mpaka mwisho. Akasikiliza. Akasema rudia. Nikarudia. Akasema rudia tena.

"Kumbe niliuliza."

"Uliuliza, babu."

"Usiku kucha nilikuwa najiambia akili imeondoka." Akafuta macho kwa kile kitambaa chekundu. "Na wewe ulikuwa umelala?"

Hapa ndipo nilipotamani lile behewa.

"Nilikuwa nacheka."

Hakunitukana. Alikikunja tu kile kitambaa, akakirudisha mfukoni. Bora angenichapa.

Nikaenda kwa Mama Siwema, foleni ya maandazi imejaa, nikaicheza ile video mbele ya wote. Nimetukanwa kwa lugha za makabila yote yaliyowahi kushushwa na treni Kilosa. Kisha Mama Siwema akainama, akatoa nyundo chini ya meza, akanipa bila kunitazama.

Nikairudisha kwa mwenyewe. Kwa mikono miwili.

Mabehewa yamekwenda Morogoro. Saa tisa Mzee Oswald anatoka vilevile, anagonga reli tupu. Frank bado hapokei simu zangu.

Video ya nne ndiyo hii mnayoisoma. Sitaipandisha ile nyingine.

Ila nawaomba kitu kimoja. Mtu akijisumbua kukuuliza kama upo, jibu.