Risasi Isiyo na Harufu

Mwaka ule nguruwe pori walitushinda. Sisemi walitusumbua. Anayekula mahindi yako, akafukua viazi vyako, kisha asubuhi ukamkuta amelala kwenye matuta kama mwenye shamba, huyo hakusumbui, amekushinda. Tulikaa upande wa Iringa, kwenye vilima vya kushuka kutoka Mufindi, mimi na mume wangu na mama yake mzazi, katika tembe tuliloachiwa na marehemu baba mkwe. Pamoja na tembe alituachia gobori, bunduki ile ya zamani ya kushindilia baruti mdomoni, na kibali chake. Bunduki basi tulikuwa nayo, na baruti ilipatikana mjini. Kilichotushinda kilikuwa risasi.

Nasema risasi yenyewe, madini, yale ya kijivu, mazito na laini, yanayoyeyuka hata kwenye moto wa kupikia. Kilichokwisha kusubiwa na kuwa tayari kuingia kwenye mtutu sisi tulikiita goroli. Goroli za dukani walinunua wenye mashamba makubwa. Akina pangu pakavu tulisubu zetu. Unachukua udongo wa kichuguu, unaukanda, unachomeka kijiti kilichonyooka, ukikauka unakichomoa, na lile tundu ndilo kalibu yako. Unamimina risasi, unapasua udongo, unakata vipande. Hakuna ufundi wa kujivunia hapo, ila mume wangu alijivunia.

Yeye alikuwa utingo kwenye lori la mbao lililokwenda Mbeya na kurudi, na utingo hujua kila jalala la barabarani. Risasi yetu aliiokota kwenye gereji za Mbeya, ndani ya betri zilizokufa. Alizipasua kwa nyundo, akachambua sahani zake, akarudi nyumbani suruali ina matobo ya asidi kana kwamba imeliwa na mende. Nilizishona suruali hizo huku nikimsema, naye alicheka tu. Risasi ya betri ilikuwa na kisirani. Takataka zake zilizidi madini, na moshi wake ulitukohoza hata kuku wakahama uwanjani. Mama mkwe alimwamuru akayeyushie mbali, nyuma ya kihenge cha mahindi, tena upepo ukivuma kwenda kwa wengine.

Ilikuwapo njia nyepesi zaidi. Kule Kalenga, ambako Wajerumani waliipigia mizinga ngome ya mtawala wa Wahehe, watu wakilima waliibua risasi za vita ile, kuukuu, zimepauka. Ukienda kwa adabu hukosi mtu wa kukugawia. Mume wangu alileta mfuko mzima siku moja. Mama yake hakumruhusu hata kuvuka kizingiti.

"Ile imeshakula watu," alimwambia. "Cha mfu hakirudi motoni. Irudishe ulikoitoa."

"Mama, ni chuma tu."

"Hata baba yako alikuwa nyama tu. Irudishe."

Akairudisha. Mama mkwe wangu alikuwa mwembamba kama mwanzi wa ulanzi, lakini sijaona mtu aliyembishia mara mbili.

Kisha kule Mbeya mfanyabiashara mmoja, mtu wa asili ya pwani, mpole wa maneno na mgumu wa mizani, akaanza kukusanya betri zote mbovu. Mafundi wakaacha kuzitupa. Mume wangu akawa anarudi mikono mitupu, safari kwa safari, na mahindi yakawa yanazidi kuisha upande wa bondeni. Mimi nilikuwa na mimba kubwa. Nililala nikiwasikia nguruwe wakitafuna, nikawa naona ni mtoto wangu anayeliwa chakula chake kabla hajazaliwa. Nilikuwa na hasira, na hasira ya mjamzito haina pa kwenda.

Nikajifungua mtoto wa kiume. Sauti aliyozaliwa nayo! Majirani wa ng'ambo ya bonde walikuja kutupongeza kabla hatujatuma mtu. Mama mkwe alifurahi, akasema huyu hatapotea kwenye ukungu.

Nilikuwa bado ndani ya siku za uzazi mume wangu aliporudi na kifurushi cha turubai, kizito, uso umemchangamka.

"Nimepata risasi safi, mama mtoto. Haina hata takataka."

"Wapi?"

"Njiani tu. Shamba la mzungu, yule Mjerumani, lile lililoachwa, lenye miti ya miwati. Lori liliharibika pale."

Mvua ilikuwa inanyesha na nyuma ya kihenge moto haukushika. Mama mkwe alikuwa ametoka kutafuta kuni kavu. Kwetu, moto wa mzazi huwashwa siku ya kujifungua na hauzimwi hadi atoke nje, na juu yake hakipikwi kitu ila chakula cha mzazi. Mume wangu akachukua kikaango chake kilichovunjika mpini, akakiweka pale pale, juu ya moto wa mtoto.

"Huo si wa goroli," nilimwambia.

"Kidogo tu. Mama hajarudi."

Mtoto alikuwa analia mikononi mwangu. Nilingoja ule uvundo wa betri, nikamfunika uso kwa kanga. Haukuja. Risasi ile iliyeyuka bila harufu na bila povu, ikatulia kwenye kikaango, ikang'aa. Nilijiona nimo ndani yake, mdogo, na mtoto mikononi. Mume wangu akamimina tone la kwanza kwenye udongo. Likafanya "fsss". Mtoto akanyamaza.

Hakulala. Alinyamaza macho wazi, na mdomo wake ukabaki umepanuka vile vile kama wa kulia. Kifua kilipanda na kushuka, uso ukamwiva, machozi yakatoka, sauti hakuna.

Tangu hapo hakushika ziwa. Nilikamua maziwa nikamdondoshea kwa kidole, nusu yakarudi. Alilia kutwa bila sauti. Nyinyi mliolea watoto mnajua kelele za mtoto zinavyochosha. Niamini mimi, kimya kile kilichosha zaidi. Ilibidi nimtazame muda wote, kwa kuwa sikuweza kumsikia. Nilipofumba macho niliogopa nitakayemkuta nikiyafumbua.

Mume wangu alipiga nguruwe mmoja kwa goroli zile. Alirudi asubuhi bila nyama. Alituambia nguruwe alianguka bila kuguta, na wenzake hawakukimbia. Walimzunguka, wakasimama, wakawa wanamtazama yeye mwenye bunduki. Aliwaacha wamesimama. Tangu asubuhi ile nguruwe hawakurudi shambani, na hakuna aliyethubutu kufurahi.

Mama mkwe aliona mambo haya yana njia yake. Kwetu mtoto akikataa ziwa, huenda yuko wa ukoo anayetaka jina lake liitwe. Basi unamshika mtoto, unamwekea ziwa mdomoni, unawataja waliotangulia mmoja mmoja. Atakayetajwa mtoto akashika, huyo ndiye aliyerudi. Alianza na marehemu mumewe, kwa matumaini. Mtoto hakushika. Akataja wa upande wake, akaja kwa wa upande wangu, akataja hata mjomba mmoja mlevi ambaye hakuna aliyetaka arudi. Mtoto alitutazama kwa mdomo wazi. Alikuwa amekwisha kuwa mwepesi, mikunjo ya mapaja inaning'inia.

"Anayemtaka si wa kwetu," alisema mama mkwe, akakaa chini. Sikuwahi kumwona akiogopa. Nikaogopa mimi maradufu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nazoa majivu ya ule moto. Kidole changu kikagusa kitu kizito. Nilikifuta kwenye kanga nikakielekeza mlangoni penye mwanga. Kilikuwa kipande cha risasi, chembamba, kimekatwa vizuri, kina vijiguu viwili nyuma vya kujishikiza kwenye kitu. Nilikuwa nimesoma darasa chache kwa masista. Nilikijua. Ilikuwa herufi.

Nilimwita mume wangu, nikamwekea kiganjani.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Kwenye lile jiwe. Jiwe jeupe, chini ya miwati. Lilikuwa na mapambo ya risasi, nikayabandua kwa kisu. Yametoka kirahisi."

"Si mapambo. Ni maandishi. Ni kaburi, baba. Umembandua mtu jina."

Hakuwa amesoma hata siku moja. Kwao makaburi yalikuwa vichuguu vya udongo chini ya miti, na jina la mtu lilikaa mdomoni mwa wajukuu. Nani angemwambia kwamba wako watu wanaomwachia jiwe jina lao? Alikitazama kile kipande, akakiweka chini polepole, akajifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia.

Mama mkwe hakugomba. Alichukua kaniki, akamfunga mtoto mgongoni mwangu. Kutoka nje kabla ya siku kwisha ni mwiko mkubwa, na ni yeye mwenyewe aliyenitangulia kuvuka kizingiti.

"Wewe ndiye unayejua kusoma," alisema. "Twende."

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini. Mume wangu alituongoza, amebeba goroli zote zilizobaki. Nyumba ya mzungu ilikuwa imeanguka paa, na miwati imeota hadi barazani. Jiwe lilikuwa nyuma, dogo kuliko nilivyotegemea. Mahali palipokuwa na herufi pamebaki mashimo yenye umbo la kila herufi, yamejaa maji ya mvua.

Mama mkwe aliinama, akapiga makofi taratibu kama tunavyowasalimu wakubwa.

"Kamwene," aliliambia jiwe. "Kamwene, mnyalukolo."

Mnyalukolo ni ndugu wa ukoo. Nilisisimka kusikia mtu asiyejulikana, Mjerumani, anaitwa hivyo. Nikapiga magoti, nikaanza kufuata mashimo kwa kidole, nikikung'uta maji. Chini palikuwa na tarakimu. Mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa ulikuwa mmoja. Hapo nikaelewa udogo wa jiwe.

"Ni mtoto," nilisema. "Alikuwa mtoto mchanga."

Mume wangu alikaa kwenye nyasi akajifunika uso.

Nikarudi juu, kwenye jina. Nililisoma kama tulivyofundishwa, silabi kwa silabi, ulimi ukinikwama, sijui hata kama nililitamka wanavyolitamka wenyewe. Nilipolimaliza, mgongoni mwangu ikatoka sauti. Haikuwa ile aliyozaliwa nayo. Ilikuwa nyembamba, ya chini, kama ya mtu anayeitika kutoka chumba kingine.

"Mnyonyeshe," alisema mama mkwe. "Hapo hapo. Usiinuke."

Nilimgeuza kifuani. Akashika ziwa. Alinyonya kwa nguvu hata nikaumia, nami nililia kwa furaha, nikalia juu ya lile jiwe bila haya. Mama mkwe alimtazama muda mrefu. Kwetu mtoto akirithi jina la babu, bibi humwita "mume wangu". Kila jina lina mahali pake pa kukaa nyumbani. Hili alilitafutia mahali, akakosa.

"Karibu, mgeni," alimwambia mwishowe.

Mume wangu alizika goroli chini ya jiwe, pamoja na ile herufi niliyoiokota. Hakusubu tena maisha yake yote. Miaka baadaye dresa mmoja wa zahanati aliniambia moshi wa risasi ni sumu, kwamba mtoto mchanga akiuvuta anaweza kupoteza hamu ya ziwa na hata sauti, na kwamba alipona kwa sababu tulimtoa nje penye hewa. Huenda. Nilimshukuru. Yeye alikuwa na dawa kabatini, mimi nilikuwa na mtoto mzima, hapakuwa na sababu ya kubishana.

Mtoto akanenepa. Kanisani alibatizwa jina jingine, lakini nyumbani tulimwita lile la jiweni, maana lingine hakuliitikia. Alikuwa mtoto mwenye adabu isiyo ya kawaida. Hakuvunja kitu wala hakuomba kitu. Wenzangu walinionea wivu, na mimi nilitamani siku moja tu anitukane, anirushie hata kijiko.

Alipoanza kusema vizuri, tulikuwa tumekaa uwanjani, mimi na yeye, nimempakata nikimkwangua matope miguuni. Akanitazama usoni, kwa upole.

"Mama yangu atakuja lini?"

Nilicheka. "Mama yako si huyu hapa? Nimekupakata."

Alifikiri. Nilimwona anatafuta namna ya kusema asiniumize.

"Wewe ni mama wa hapa," alisema.

Niliendelea kumkwangua matope hadi miguu yote miwili ikatakata, kisha nikamletea uji. Aliupokea kwa mikono miwili, kama mgeni aliyelelewa vizuri, akaniambia ahsante.